Paul Duvigneaud, mutu aliyesoma maua ya vilima vyetu vya shaba



Leo tunawaletea maisha ya mutu aliyekufa zamani. Alikuwa Mubelgiji, jina lake Paul Duvigneaud. Alipanda vilima vyetu wakati wababa na wababu zetu walikuwa wanatumika Union Minière, lakini yeye hakufuata shaba. Alifuata majani na maua yanayoota juu yake. Kati ya watu wanaosoma ekolojia kwa Kifaransa jina lake ni kubwa, na vitabu vyake vimepita mikononi mwa wanafunzi wengi wa universite. Sisi wa sendika tunaona inafaa jina hilo lijulikane pia katika makambi ya Kolwezi, ya Luilu na ya Fungurume, juu kitu alichokisoma hapa kitatugusa siku ile mine itafunga na kompanyi itapakia mashini zake.

Duvigneaud alizaliwa mwaka 1913 huko Marche-en-Famenne, muji mudogo wa kusini ya Ubelgiji. Nyuma akakuwa profesa wa mimea kwenye Universite Libre ya Brussels. Kati ya vitu alivyovisoma sana ni likeni. Likeni ni yale madoa ya rangi ya majivu ao ya kijani yanayoshika kwenye mawe na kwenye maganda ya miti, tunapita mbele yake kila siku bila kuyaangalia. Mutu anafikiri ni kitu kimoja. Kumbe ni viumbe viwili vinavyokaa nyumba moja: kuvu, na kijani kidogo sana cha namna ya ule ute unaoota kwenye maji yaliyosimama. Kuvu anashika jiwe na kutunza maji. Ule wa kijani anapika chakula kwa mwanga wa jua. Kila mumoja akibaki peke yake juu ya jiwe kavu, jua litamumaliza. Mwaka 1956 Duvigneaud alitoa kitabu juu ya likeni za milima mirefu ya Kivu. Tunataja jambo hili mapema juu linasaidia kuelewa macho ya mutu huyu. Akiona kiumbe, alikuwa anatafuta kwanza kinaishi na nani.

Alikuja Kongo zaidi ya mara moja. Mwaka 1949 alitoa kitabu juu ya savana za Bas-Congo, kisha akaelekea kusini ya inchi, mpaka Katanga. Namna yake ya kazi ilikuwa ya kutembea na kuandika. Anasimama mahali, anaandika mimea yote inayoota pale pamoja, anaangalia udongo, anachukua mufano wa majani na wa udongo kwa kupima. Anasogea mbele kidogo, anaanza tena. Kwake jani lilikuwa sawa na mushahidi: likisimama mahali, linasema udongo wa chini uko namna gani.

Hapa Katanga akakutana na vilima vya shaba. Wengi wetu tunavijua. Chini kuna pori la miombo, mitondo na miputu imesimama imara. Unapopanda, miti inakuwa mifupi, inakuwa michache, na ghafula inasimama kama vile kuna mutu amechora mustari. Juu hakuna muti, kuna majani mafupi, mawe na maua. Jambo hilo halikumungoja Muzungu kujulikana. Wababu wachimbaji, Basanga na nyuma Bayeke, walikuwa wanafuata vilima vile visivyo na miti. Walichimba jiwe la kijani, wakaliyeyusha kwa makala katika matanuru ya udongo, wakamimina mukuba kuwa misalaba iliyotembea mbali kama feza. Jules Cornet, mutaalamu wa mawe, alipopita Katanga mwaka 1892, alikuta mashimo tayari.

Duvigneaud akauliza ulizo lingine. Juu ya nini muti unakataa kupanda, na nani anakubali kukaa kule juu?

Shaba kidogo ni chakula. Kila muti, kila nyama, hata mwili wa mutu unaihitaji, lakini kidogo sana. Ikizidi, inachoma muzizi. Muzizi unabaki mufupi, haunywi tena maji vizuri, na muti mudogo unakufa mbele haujafika magotini. Njo maana mustari ule unaonekana. Duvigneaud alionyesha kama kwenye kilima kimoja kuna mistari mingi, moja nyuma ya nyingine, kufuatana na shaba inavyoongezeka: pori, kisha vichaka, kisha majani marefu, kisha majani mafupi yaliyolala karibu na udongo. Kila kikundi kinajua mupaka wake. Mutu anayejua kusoma mistari ile anaweza kusema mahali shaba iko nyingi mbele ya mashini kuanza kutoboa.

Mwaka 1959, yeye na mwenzake Plancke walitoa majina kwa mimea mingi ya vilima hivi. Kikundi kimoja wakakiita Haumaniastrum, kwa heshima ya Lucien Hauman, profesa wa mimea wa Brussels. Ndani yake kuna ile inayoitwa ua la shaba, ya jamaa moja na lumba-lumba, ambayo inapaka vilima rangi ya zambarau. Nyingine wakaiita Crotalaria cobalticola, maana yake inayokaa kwenye kobalti. Ni ya jamaa ya kunde na karanga. Leo dunia nzima inataja Kolwezi juu ya kobalti ya betri za magari, lakini miaka zaidi ya 60 iliyopita kulikuwa tayari na mumea uliopewa jina la kobalti ya kwetu. Wataalamu waliokuja nyuma wamehesabu zaidi ya aina 30 za mimea ambazo haziko popote duniani isipokuwa juu ya vilima vya shaba vya Katanga. Hata Ulaya, hata Amerika, haziko.

Sasa tusikilize vizuri, juu hapa njo penye fundisho. Mutu anaweza kufikiri ua la shaba linapenda shaba kama vile mutoto anapenda sukari. Mambo iko tofauti. Mimea hii mingi ni midogo na haina nguvu ya kushindana. Ukiipeleka kwenye udongo muzuri, majani marefu yanaifunika, miti inaizuia jua, na inapotea. Kilima cha shaba ni kimbilio lake. Ilijifunza kuvumilia sumu ambayo wakubwa hawaivumilii, na kwa sababu hiyo ikapata mahali pa kukaa bila kusukumwa. Sawa na yule mama anayeuza samaki kando ya barabara yenye vumbi, mahali wenye maduka makubwa hawataki kuweka meza: vumbi linamuumiza, lakini linamulindia nafasi. Wataalamu waliomufuata Duvigneaud wakaongeza jambo lingine. Moja ya maua ya shaba, likipandwa katika udongo wa kawaida, linashambuliwa na kuvu. Udongo ule ukichemshwa ili kuvu wafe, linaota bila shida hata kama shaba haiko. Inaonekana basi kama shaba ilikuwa inalifanyia kazi ya dawa.

Ua hilo lilisaidia pia wanaotafuta habari za wababu. Linaota hata mahali pa tambarare, mbali na kilima, pale ambapo zamani watu waliyeyusha shaba na mabaki yakachafua udongo. Wakaliona pale, wakachimba, wakakuta matanuru ya zamani. Mumea mudogo ukatunza ukumbusho wa wafua shaba ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Mwaka 1958 Duvigneaud alitoa andiko kubwa juu ya mimea ya Katanga na udongo wenye madini. Mwaka 1963 akatoa lingine, juu ya shaba na mimea, pamoja na mwenzake wa kazi, mama Simone Denaeyer-De Smet, aliyejua kupima madini ndani ya majani. Kati ya maandiko hayo mawili inchi yetu ilipata uhuru, Katanga ikajitenga mwezi wa 7 mwaka 1960, na kujitenga kule kukaishia hapa hapa Kolwezi mwezi wa 1 mwaka 1963, askari wa Umoja wa Mataifa walipoingia. Wazee wetu wanakumbuka siku zile kwa milio ya bunduki. Maua hayakubadilisha bendera.

Tuseme pia ukweli wa wakati ule. Profesa alifanya kazi chini ya utawala wa wakoloni, kompanyi ikiwa na mamlaka juu ya ardhi na juu ya watu. Elimu ya mimea ilifaa pia watafuta madini. Lakini maandiko yake yanabaki ushahidi wa vilima namna vilivyokuwa mbele ya kuchimbwa, na vilima vingi vile siku ya leo ni mashimo.

Jambo moja lilisahihishwa nyuma. Vipimo vya wakati ule vilionyesha shaba na kobalti nyingi ajabu ndani ya majani ya mimea fulani. Wataalamu wa miaka yetu waliosha majani kwa uangalifu mbele ya kupima, wakaona sehemu kubwa ilikuwa vumbi lililoshika juu ya jani. Wamama wanaolima lengalenga karibu na barabara ya makamiyo, habari hiyo ni yenu. Jani la mboga linakamata vumbi sawa na jani la kilima. Kuosha mboga kwa maji mengi kunasaidia, hata kama hakuondoi kile ambacho muzizi umekwisha kunywa.

Katika miaka ya 1960 Duvigneaud aligeukia pori la kwao, huko Virelles, kusini ya Ubelgiji. Wakati ule wataalamu wa inchi nyingi walikuwa wanapima viumbe na udongo kwa pamoja, katika programu kubwa ya dunia. Kazi aliyoifanya Virelles mutu wa mine anaielewa mara moja: aliandikia muti fishi ya mushahara. Muti unachukua nini katika udongo kwa mwaka? Unaweka akiba gani ndani ya mbao? Unarudisha nini chini kwa majani yanayoanguka? Akakuta sehemu kubwa ya chakula cha udongo inazunguka: muzizi unachukua, jani linaanguka, minyoo, wadudu na kuvu wanalivunja, udongo unapata tena. Wale wanaovunja majani hawaonekani, lakini wakigoma siku moja, pori lote linakaa na njaa. Mwaka 1969 wataalamu wa mapori walikusanyika Brussels chini ya UNESCO, na yeye njo aliyetengeneza kitabu cha mukutano ule.

Tulete fishi hiyo kwetu, kwa miombo. Mitondo na miputu yetu inaishi kwa urafiki na uyoga. Nyuzi za uyoga zinashika mizizi chini ya udongo, zinaupatia muti maji na chakula ambacho muzizi peke yake haufikie, na muti unaulipa uyoga kwa sukari. Uyoga ule wamama wanaouza wakati wa mvua unatoka katika mapatano hayo. Kiwavi anakula jani la muti uleule, anaangusha mavi yanayolisha udongo, na sisi tunamula na bukari. Muchwa anapandisha udongo wa chini kujenga kichuguu, ndani yake analima shamba la kuvu linalomulisha, na juu ya kichuguu kunaota miti ambayo haiko pembeni. Tukikata muti kwa makala, tunauza mufuko mara moja. Lakini tumeuza pia uyoga wa mwaka ujao, na viwavi, na udongo uliokuwa unafunikwa. Hatusemi hivyo kwa kulaumu jamaa zinazochoma makala. Mwenye mushahara mudogo na nyumba bila umeme anapika na nini? Tunasema hesabu ifanywe yote, na iwekwe mezani pamoja na hesabu ya mishahara na ya umeme.

Mwaka 1974 Duvigneaud alitoa kitabu chake kikubwa, La synthèse écologique, alimokusanya yote aliyoyajua juu ya viumbe vinavyoshindana, vinavyokulana na vinavyotegemeana. Mwaka 1977 akafanya jambo ambalo watu wachache walikuwa wamelifikiri: akauchukua muji mukubwa, Brussels, akausoma sawa na pori. Chakula, maji, mafuta na makaa ya mawe yanaingia; moshi, takataka, maji machafu na joto vinatoka. Muji haujilishi wenyewe. Unakula kutoka mbali na unatupa mbali.

Tufanye hivyo kwa Kolwezi. Unga mwingi wa bukari yetu unatoka Zambia. Makala inatoka mapori ambayo kila mwaka yanaenda mbali zaidi. Umeme, tangu miaka ya 1950, unatoka katika maji ya Lualaba pale Nzilo. Kinachotoka ni shaba na kobalti zinazoenda barabarani mchana na usiku. Kinachobaki ni milima ya udongo uliotupwa na maji ya kuosha madini. Barabara ya Zambia ikifungwa juma moja, bei ya unga inatufundisha ekolojia kuliko kitabu.

Paul Duvigneaud alikufa Brussels mwaka 1991, akiwa na miaka karibu 78. Hapa kwetu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumufikiria. Mugodi wa Kamoto ulikuwa umeanguka mwezi wa 9 mwaka 1990, Gécamines ilikuwa inashuka, na mwaka uleule wa 1991 uporaji ulipita katika miji ya inchi. Watu walitafuta chakula cha watoto.

Tunamutaja leo kwa sababu ya hesabu moja ambayo haijafungwa. Katanga ina vilima vya shaba zaidi ya 100, na wakati wake vingi vilikuwa bado na nguo yao ya majani. Sasa shaba inachimbwa kwa shimo wazi: kilima kinachunwa kuanzia juu, na juu njo mahali mimea ile inakaa. Mumea usiopatikana kwingine ukimalizika pale, umemalizika duniani.

Mwingine atauliza: ua linatusaidia nini, sisi wenye watoto wa kusomesha? Tunajibu kwa mufano wa Lubumbashi. Kule Penga Penga, moshi wa kiwanda ulianguka miaka mingi mpaka udongo ukakuwa na sumu, majani yakakataa kuota, vumbi likaingia nyumbani. Wataalamu wa Universite ya Lubumbashi wakajaribu kufunika udongo ule, na moja ya majani waliyoyatumia ni Microchloa, jani dogo linalotoka kwenye vilima vya shaba. Walitia kwanza udongo chokaa na mbolea ya takataka, na jani likashika. Miti na majani ya kawaida yangehangaika mahali pale. Kwa milima ya udongo uliotupwa inayozunguka makambi yetu, mafundi wa kushona nguo yake ni mimea ileile ambayo leo inabomolewa pamoja na kilima. Tukiiacha iishe mbele ya kutunza mbegu, siku mine itafunga tutabaki na milima isiyofunikwa, na upepo wa kiangazi utaleta vumbi lake mpaka ndani ya sahani.

Kutunza kunawezekana. Tenke-Fungurume, wataalamu wa Lubumbashi na wa Gembloux, Ubelgiji, wamejaribu kukusanya mbegu, kuhamisha mimea na kuhamisha udongo wenye mimea yake. Kazi hiyo inahitaji feza na watu, na sheria iko. Kodi ya Mine iliyorekebishwa mwezi wa 3 mwaka 2018 inadai kila kompanyi ipatane na wenyeji juu ya miradi ya maendeleo, na iweke pembeni kwa ajili yao angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka. Inadai pia udongo utengenezwe nyuma ya kuchimba.

Kwa hiyo tunaomba wanamemba wa sendika, machifu na kamati za mitaa waweke mambo matatu katika mazungumzo yajayo. Udongo wa juu wa kilima uwekwe pembeni mbele ya kuchuna, usizikwe chini ya mawe. Kila kompanyi iwe na kitalu cha mimea ya shaba, na vijana wa mitaa wafundishwe na walipwe kwa kazi hiyo; ni kazi itakayoendelea hata shaba ikiisha. Na mahali palipo na vilima vingi karibu-karibu, kimoja angalau kiachwe kizima, kwa mbegu.

Walimu wa shule zetu, nanyi mupeleke watoto kwenye kilima kilichobaki, mwisho wa mvua. Waonyesheni mustari ule miti inaposimama, na muwaulize nani anakaa upande wa juu na juu ya nini. Maua yasing'olewe. Kila moja lina mbegu tutakazozihitaji.